Miti nayo iuzwe kwa kipimo, si kwa macho

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalowahusu wakulima wa miti wa Mufindi, Kilolo, Njombe, Makete na Ludewa, na ambalo kwa upande wa pili linamhusu kila anayenunua mbao Buguruni au kitanda Keko, Dar es Salaam.

Gunia la viazi la Njombe likijazwa lumbesa, yaani kupita kipimo, gari husimamishwa barabarani na mwenye mzigo akatozwa faini. Sheria ya Vipimo, Sura 340, inajulikana hata na vijana wanaopakia magari pale Makambako. Kule Mtwara na Lindi, korosho zikinunuliwa kwa kangomba, yaani kwa magendo nje ya mizani rasmi, serikali huja juu. Lakini shamba la paina la eka tatu, jasho la familia nzima kwa miaka minane au kumi, linauzwa kwa macho. Mnunuzi anaingia upande huu kwa mguu, anatokea upande wa pili, anataja bei ya eka. Mkulima anaomba nyongeza, anaongezewa kidogo, karatasi inaandikwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, biashara imekwisha. Hakuna tepu iliyofunguliwa. Hiyo ni lumbesa kubwa kuliko ya viazi, na inafanyika mchana kweupe.

Nasema haya kwa sababu watoto wangu nimewalea kwa kazi ya kupima magogo. Hadi nastaafu nilikuwa mpima magogo katika kiwanda cha kupasua mbao huku Mufindi. Gari likishusha mzigo uwanjani, mimi napita na kalipa, yaani kifaa cha kupimia unene, na tepu: kipenyo cha katikati ya gogo, urefu wake, kama limeoza moyo au limepinda, kisha namba kwa chaki. Jioni daftari linakwenda kwa mhasibu, na bila daftari hilo hailipwi hata shilingi. Kiwanda hakikununua gogo hata moja kwa kulitazama tu. Serikali nayo, inapouza miti ya Shamba la Sao Hill, inauza kwa mita za ujazo, tena bei ya mita moja hupanda kadiri mti unavyonenepa. Kwenye mnyororo wote huu, kuanzia kisiki hadi duka la mbao Dar es Salaam, ni mkulima wa kijijini peke yake anayeuza bila kujua ameuza kiasi gani.

Na hesabu yenyewe haihitaji shahada. Chukua tepu ya fundi cherehani. Izungushe kwenye shina usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Ulichosoma ugawe kwa 3.14. Ukisoma sentimita 47, mti wako una kipenyo cha sentimita 15. Ukisoma 94, una kipenyo cha 30.

Hapa ndipo watu wengi wanapopunjwa. Mkulima anaona namba imekuwa mara mbili, naye anadhani mbao ni mara mbili. Sivyo. Chukua magogo mawili ya urefu wa mita 4, moja lina sentimita 15 katikati na jingine 30. Kanuni tuliyokuwa tukiitumia uwanjani ni hii: kipenyo kwa kipenyo, mara 0.785, mara urefu, vyote kwa mita. Gogo la kwanza lina mita za ujazo 0.07. La pili lina 0.28. Ni mara nne. Ukiyapeleka kwenye msumeno utaona kitu kilekile: gogo la 15 lililonyooka vizuri linakupa mbao mbili za inchi 2 kwa 4, kinachobaki ni mabanzi na vumbi. Gogo la 30 linakupa nane, na pembeni bado unachota mbao za inchi moja.

Mti uliosimama una tofauti kubwa zaidi, maana unaponenepa huwa pia umerefuka. Ujazo wa shina zima unaukadiria kwa kuchukua eneo la duara la usawa wa kifua, ukazidisha kwa urefu wa mti, ukazidisha kwa 0.45 kwa kuwa shina linachongoka kuelekea juu. Paina ya kipenyo cha 15 na urefu wa mita 12 ina ujazo wa karibu 0.1. Paina ya kipenyo cha 30 na urefu wa mita 22 ina 0.7. Mara saba.

Sasa weka hesabu hiyo kwenye eka. Ukipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, eka moja inaingia miti kama 450. Ukiiuza yote ikiwa na kipenyo cha 15, umeuza takriban mita za ujazo 43. Ukiipunguza kwa hatua, ukauza iliyodumaa na iliyopinda, ukabakiza miti 160 mizuri hadi ifike kipenyo cha 30, siku ya kuvuna unauza mita za ujazo 112, na fedha ya ile ya mwanzo ulishaitumia. Hizi ni namba za mfano. Ardhi ya Makete si ya Mapanda, na ambaye hakupogoa hatapata mbao safi hata mti wake uwe na kipenyo cha 40. Lakini mwelekeo hauondoki: miaka ile ambayo mkulima anauza ndiyo miaka ambayo mti unaanza kuweka mbao kwa kasi, na ongezeko lote hilo linakwenda kwa mwingine, au linakatwa kabla halijazaliwa.

Sitaki nieleweke kwamba wakulima wenzangu hawana akili. Mama mmoja jirani yangu, mjane, aliuza eka yake ya paina Januari moja, miti ikiwa bado michanga. Nilipomuuliza kwa nini hakusubiri, alinijibu, "Shemeji, ada haisubiri mti unenepe." Ni kweli haisubiri. Mjerumani Martin Faustmann aliandika mwaka 1849 hesabu ya umri wa kuvuna msitu unaompa mwenye shamba faida kubwa, na hadi leo wanaosoma uchumi wa misitu huianzia hapo. Hesabu hiyo inakubaliana na yule mama: kadiri riba ilivyo juu, ndivyo inavyolipa kukata mapema. Mtu ambaye mkopo pekee anaoweza kuupata ni wa riba kali ya mtaani hawezi kuambiwa akae na miti miaka 18 au 25 kama shamba la serikali. Juu ya riba kuna moto. Kila mwaka majani yakikauka, kuanzia Julai hadi mvua za kwanza, sisi tunalala jicho moja wazi. Kiberiti cha anayeandaa shamba la mahindi ng'ambo ya bonde kinaweza kumaliza kazi ya miaka kumi kwa alasiri moja. Kwa hiyo anayeuza mapema ana sababu zake, na sababu hizo ni za kweli.

Ila kuuza mapema ni jambo moja, na kuuza bila kipimo ni jambo jingine kabisa. Baada ya mnunuzi kuondoka nilipita kwenye shamba la yule mama nikapima visiki kadhaa. Kisiki ni kinene kuliko shina la usawa wa kifua, nikapunguza inavyostahili. Kwa bei ya mita ya ujazo waliyokuwa wakilipa wenye mashine siku zile, theluthi moja ya miti yake ingetosha ada. Theluthi moja! Na theluthi hiyo ndiyo ambayo bwana misitu yeyote angemwambia aipunguze ili mingine ipate nafasi. Angelipa ada, angelitunza shamba vizuri kuliko awali, na angebaki na miti bora. Hakukosa subira. Alikosa tepu, na alikosa mtu wa kumweleza kwamba shamba la miti linaweza kuuzwa nusu nusu.

Nirudi kwenye mashine kidogo, maana huko nako mti wa mkulima unapotelea. Vijijini mbao nyingi zinapasuliwa kwa dingdong, mashine nyepesi ya msumeno wa duara inayofungwa shambani. Ninaiheshimu. Imetoa ajira kwa vijana wengi na imefika mahali ambapo kiwanda kikubwa hakitafika kamwe. Lakini msumeno wake unakula milimita 6 hadi 8 kila unapopita. Ukipasua mbao za inchi moja, yaani milimita 25, kila mikato minne umeshageuza mbao nzima kuwa vumbi. Msumeno wa mkanda unakula milimita 2 hadi 3, yaani mbao moja katika kila mikato kumi hivi. Mita moja ya ujazo ya mbao zilizopasuliwa ni vipande 53 vya 2 kwa 4 vya futi 12. Mashine ikiokoa asilimia 30 ya gogo, mita moja ya magogo inatoa vipande 16. Ikiokoa asilimia 45, inatoa 24. Vipande nane kwa kila mita moja! Mwenye dingdong hapati hasara kwa hilo, kwa kuwa ameshalikata kwenye bei ya eka. Vumbi lile linalofuka moshi pembeni mwa barabara zetu limelipiwa na mkulima.

Laiti miti ingeuzwa kwa mita ya ujazo, mwenye mashine mbovu ndiye angebeba hasara ya mashine yake. Angenoa msumeno kila siku inavyotakiwa, angenyoosha reli, angetafuta mkopo wa msumeno wa mkanda. Hakuna semina itakayombadilisha kama mfuko wake utakavyombadilisha. Nimeona mafundi wazuri wa kunoa misumeno, waliosomea Moshi kwenye chuo cha viwanda vya misitu, wakiacha kazi hiyo wakaenda kuendesha bodaboda, kwa sababu gogo la bei ya kutupa halimlazimishi mtu kulipa fundi.

Mnunuzi wa mwisho naye anaumia. Paina katika miaka yake ya mwanzo hutengeneza mbao changa karibu na moyo wa mti: nyepesi, zinazopinda na kujisokota zinapokauka. Mti wa miaka saba ni mbao changa kutoka moyo hadi ganda. Ndizo hizo zinazopakiwa mbichi Mafinga usiku, zinateremka Kitonga, na baada ya miezi sita mwenye nyumba Mbagala au Kibaha anaona kenchi imeshuka katikati na bati linaachia misumari. Anamlaumu fundi. Fundi anamlaumu muuza mbao. Ukifuatilia hadi mwisho utafika kwenye shamba lililouzwa kwa macho.

Nataka niwe mkweli pia kuhusu mikaratusi. Tangu viwanda vya kumenya magogo kwa ajili ya marini, yaani mbao za tabaka zilizogundishwa, vilipofika Mafinga, magogo mafupi na membamba yamepata soko, na kwa mkulima wa mlingoti, yaani huo mkaratusi, mzunguko mfupi wa kupanda na kuvuna unaweza kuwa na faida ya kweli. Sipingani nao. Soko la magogo membamba ndilo linaloweza kumfanya mkulima wa paina apunguze shamba lake kwa faida badala ya kuona kupunguza ni kupoteza. Lakini na huko, kama gogo linauzwa kwa kipande pasipo kipenyo, tumerudi palepale.

Sasa nafika kwa watafiti, ambao ndio hasa ninaowaandikia. Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania, TAFORI, iliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1980. Makao yake makuu yako Morogoro, ina vituo Lushoto na Moshi, na ina kituo hapa hapa Mufindi. Mafunzo ya shahada ya misitu yalianza Morogoro mwaka 1973, kabla hata Chuo Kikuu cha Sokoine hakijapata jina lake. Miti ya Sao Hill yenyewe ilianza kama majaribio mwaka 1939, na upandaji mkubwa ukafuata baada ya Uhuru, kwa mashimo yaliyochimbwa na baba na mama zetu. Katika muda wote huo watafiti wamepima paina zetu wakati wa mvua na wakati wa baridi ya Juni ambayo vidole haviwezi kushika kalamu. Majedwali ya ujazo yapo. Najua yapo kwa kuwa vijana wa Morogoro walikuwa wakija uwanjani kwetu kuomba kulinganisha namba zao na daftari langu, na niliwapa kwa moyo mmoja.

Lakini katika ofisi ya kijiji changu sijaona jedwali hata moja lililobandikwa. Yapo kwenye majarida ya Kiingereza yanayosomwa na watafiti wengine. Mkulima ambaye mti wake ulipimwa hajawahi kurudishiwa kipimo. Ninawaomba TAFORI na Sokoine watoe karatasi moja, kwa Kiswahili, yenye safu tatu: mzingo wa mti kwa sentimita kama unavyosomeka kwenye tepu ya cherehani, urefu wa mti, na ujazo wa shina. Moja ya paina, moja ya mlingoti. Isiwe kijitabu, kwa sababu kijitabu kinafungiwa kabatini. Karatasi moja inabandikwa ukutani karibu na tangazo la chanjo, na kila mtu anaisoma akisubiri zamu yake.

Halmashauri nazo zina sehemu yao. Wanakusanya ushuru wa mazao ya misitu kila gari linapopita kizuizini, kwa hiyo vitabu vyao vinajua mbao kiasi gani zimetoka. Watangaze basi kila mwezi bei ya mita ya ujazo ya mti uliosimama kwa vipenyo vitatu au vinne, kama zinavyotangazwa bei za mazao mengine. Na mkataba wa kuuza miti unaosainiwa mbele ya mwenyekiti uwe na mstari mmoja wa lazima: miti mingapi, ujazo wa mita ngapi, nani amepima. Mkulima akiamua kuuza kwa bei ya chini baada ya kujua ujazo wake, hiyo ni hiari yake, hakuna wa kumwingilia.

Mahitaji ya mbao hayatulii mahali pamoja. Kenya iliposimamisha ukataji katika misitu yake ya serikali Februari 2018, wafanyabiashara waliijua habari hiyo haraka. Mkulima wa Kibengu angeijulia wapi, wakati hata bei ya wilayani kwake anaambiwa na mnunuzi?

Wakala wa Vipimo nawaomba waje. Wamezoea mizani na pampu za mafuta, na pengine wataniambia mti uliosimama hauwekwi kwenye mizani. Ni kweli, lakini unapimika, na makosa ya makadirio mazuri ni madogo mno ukilinganisha na makosa ya jicho la mtu anayetaka bei nafuu. Vijana waliomaliza kidato cha nne wamejaa kila kijiji huku. Wawili kwa kijiji wakifundishwa kwa juma moja kupima mzingo na urefu, kuhesabu miti kwenye viwanja vya mfano badala ya eka nzima, na kujaza fomu, wanaweza kulipwa ada ndogo na muuzaji na mnunuzi kwa pamoja. Chuo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao kiko Mafinga mjini. Vyama vya wapanda miti viko vijijini na vina viongozi waliochaguliwa. Sioni kinachokosekana isipokuwa mtu mwenye mamlaka kusema ianze.

Wapo watakaosema wanunuzi watakimbia. Watakimbilia wapi? Viwanda viko Mafinga na Makambako, barabara ya lami iko hapa, na miti iko hapa. Nimezungumza na wanunuzi wawili watatu ambao ni watu waungwana, na wao wenyewe wanasema wangependa kipimo, kwa kuwa wakati mwingine jicho huwadanganya hata wao na wakapata hasara shamba zima. Anayekipinga kipimo ni yule ambaye faida yake yote inatokana na mkulima kutojua.

Pamoja na barua hii nimeambatanisha jedwali dogo la paina nililolitengeneza mwenyewe kwa kanuni niliyoieleza hapo juu, kuanzia mzingo wa sentimita 40 hadi 120. Gazeti lako likiweza kulichapa kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa kilimo, mtu atalikata kwa mkasi akalibandike ofisi ya kijiji. Nimeacha nafasi pembeni mwa kila mstari ili wataalamu wa TAFORI Mufindi waandike namba sahihi zaidi pale watakapoona yangu imepungua au imezidi.

Mpima magogo mstaafu na mkulima wa miti,
Mufindi, Iringa